Fomu za Bwana Kawaida

Mkuu wetu wa chumba cha picha hapa hospitalini tunamwita Bwana Kawaida, na si kwa mapenzi. Kila asubuhi, kabla hata mgonjwa mmoja hajalala kitandani, anakaa na mkate wake wa siagi na kusaini rundo la fomu za majibu ambazo tayari zimeandikwa "kawaida". Kazi yetu sisi ni kujaza jina na tarehe. Fomu zenyewe zina alama za vidole vya siagi, ukizishika unatamani kunawa mpaka kwenye kiwiko.

Nilikuwa namsema kwa kila mtu. Mtu mzima hovyo, hana haya, anatia kinyaa. Nilimsema mpaka mume wangu akaniuliza kama huko kazini tuna kazi nyingine.

Jana akarudi mama mmoja, fundi cherehani, anapapasa ukuta. Jicho la kulia lilikuwa limezima tangu Jumapili. Mkobani alikuwa na fomu yetu ya wiki iliyopita: mishipa ya panja, kawaida. Saini ya bwana mkubwa, doa la siagi, na jina la mama kwa mwandiko wangu.

Nikamkalisha kitini.

Nikamkumbuka. Siku ile foleni ya wajawazito ilifika mlangoni, na mkono wangu ulikuwa bado na nguvu ya kupimia matumbo yao. Matumbo yanataka kubonyezwa. Mshipa wa panja ni mwembamba, ukiubonyeza hivyo unalala bapa na huoni kitu. Sikuona kitu, basi nikachukua fomu ya juu. Mama aliniambia hata kuchana nywele kunamuuma, na taya linachoka akitafuna. Nikamwambia atulie. Ama kweli, nyani haoni kundule.

Safari hii nikamwaga jeli nyingi, nikagusisha tu kichwa cha mashine kwenye panja la kushoto. Duara jeusi likajitokeza kuuzunguka mshipa. Ukuta wake umevimba. Uvimbe kama huo, ukiingia kwenye mshipa unaolisha jicho, ndio uliokula la kulia, na bila dawa leo hii la kushoto lingefuata.

Nikampelekea Bwana Kawaida picha. Alikuwa anachokonoa meno kwa ncha ya kalamu, ileile ya kusainia. Akaitazama, akaelewa, maana si mjinga, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Akasema majibu mawili yakipingana, tutaulizwa ya kwanza yalitoka vipi. Akanisogezea fomu nyingine ya rundo.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akasema. "Mwandiko ule ni wako."

Nikaichana mbele yake. Nikaandika majibu yangu kwenye karatasi tupu, nikabandika picha, nikamshika mama mkono tukapanda kwa daktari ghorofa ya juu. Daktari hakuuliza mara mbili, akamchoma sindano ya kwanza palepale. La kushoto tumeliwahi, akasema. La kulia ndiyo basi tena.

Wakati wa kushuka ngazi mama alikuwa na furaha.

"Mungu akubariki, mwanangu. Wewe una mkono mwepesi. Yule wa wiki iliyopita alinibonyeza mpaka nikaona nyota, na kunisikiliza hakutaka."

Chumba chetu huwa na giza, na barakoa hufunika uso, kwa hiyo hakunijua. Ningeweza kuitikia amina tu na kumfikisha getini. Lakini nilisikia harufu ya siagi, na safari hii ilitoka kwangu.

"Yule ni mimi, mama."

Vidole vyake vikalegea ndani ya mkono wangu. Hakuuachia, maana ngazi zilikuwa bado nyingi na jicho alilobaki nalo ni moja.