Kome wa Chepkoech Hawakuwa Mawe

Mzazi mwenzangu, kama mtoto wako anasomea viumbe na ameleta beseni nyumbani, soma hii kabla hujakaribisha wageni.

Msichana wangu Chepkoech alileta kome kumi na wawili kutoka ziwani Kisumu mpaka hapa kwetu Kapseret. Ni wanyama wa maji, wanaishi ndani ya maganda magumu. Ilikuwa project yake ya mwisho ya chuo.

"Mama, usiwaguse mpaka Ijumaa. Wakifa, narudia mwaka."

Jumatano akina mama wa ushirika wa kanisa wakaja kwangu kwa maombi. Baada ya chai mmoja wao, Rosebella, akachungulia beseni.

"Mama Chepkoech, siku hizi unafuga mawe?"

Wakacheka. Mimi nikaona aibu. Nikatoa mmoja, nikamdunga na sindano ya kufumia pale ganda limeachana kidogo. Akajifunga pap! Basi kila mtu akataka kujaribu. Sindano ikazunguka kama sahani ya mandazi. Walipoenda nikarudisha kome majini, na Chepkoech aliporudi sikumwambia.

Alhamisi asubuhi watatu walikuwa wamekufa, wameachama, wananuka.

"Maji yameharibika," Chepkoech akasema, machozi yanamtoka. "Natoa wote, nawaosha, nabadilisha."

"Na kama si maji?"

"Ni nini basi, Mama? Si hiyo ndiyo nasomea?" Akaeleza haraka haraka huku akikunja mikono ya sweta. Kuna vijumbe vidogo vinatoka kwenye neva, vinaitwa nyuropeptaidi, vinapeleka habari kwa walinzi wa mwili. Vingine vinawaamsha, vingine vinawalaza. Kome akishtuliwa sana, walinzi wanalegea, na ile sumu mwili wake wenyewe unatengeneza inakosa wa kuisafisha. "Lakini hawa hakuna mtu amewashtua. Kwa hivyo ni maji."

Mkono wake ukaingia ndani ya beseni.

"Chepkoech, acha! Niliwadunga." Sauti ilitoka kama si yangu. "Mimi na akina mama. Kome wote, karibu saa nzima."

Mkono ukabaki pale majini, haujashika kitu.

"Ningewatoa na kuwashtua tena," akasema polepole, "ningewamaliza."

Tuliondoa wale watatu na kijiko, tukafunika beseni na leso yangu ili watulie. Siku hiyo yote hatukuwagusa tena. Pampu ya hewa ya beseni ilikuwa ikinguruma tu.

Ijumaa akainua leso. Nikashindwa kuangalia.

"Tisa," akasema. "Wamefunguka, wanachuja maji. Wanatosha kwa project."

Halafu akafungua kitabu chake cha project, akaandika siku, saa na sindano, akaniuliza majina ya wote walioishika. Nikayataja, nikianza na langu.