Noah ya Penina

Penina alipoiuza Noah yake kwenye yadi moja ya magari mjini Dodoma, mwenye yadi, Abeli, alimwahidi kwamba pesa ingeingia kwenye simu kabla ya Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyingine tena. Kila alipotoka nyumbani kwake Mkonze kwenda kudai, aliambiwa avute subira. Aliiuza ili mumewe, Seth, afanyiwe upasuaji wa nyonga, na sasa hata Seth alikuwa ameacha kuuliza.

Asubuhi hiyo hakudai. Alijikalia tu kwenye benchi la wateja, mgongo ukimuuma, akamtazama Abeli akimfungulia mzee mmoja mlango wa Noah ile ile.

"Mwenye nayo aliitunza sana," Abeli alisema.

"Mwenye nayo ni mimi," Penina akasema. Hakupaza sauti, nguvu za kugombana alikuwa hana. "Sijalipwa hata shilingi."

Mzee, aliyetoka Kondoa kununua gari, akauachia usukani. "Ni kweli?"

Abeli akacheka, akasingizia benki.

"Basi mlipe kwanza, ndipo tuzungumze," mzee akasema, akaja kuketi kando ya Penina. "Pole, mama. Tutasubiri wote."

Abeli akaingia ofisini, akatoka, akaingia tena. Hatimaye ujumbe ukaingia kwenye simu ya Penina: pesa yote imeingia.

Akampigia mumewe, akamweleza. "Njoo basi upumzike," Seth akasema.

Lakini Penina akabaki kwenye benchi akilia taratibu.