Maji ya Kusukutulia Ulimi

Mshona mapazia mmoja alikuwa na binti wa pekee, na binti huyo alikuwa na mdomo. Alianza kusema kabla hajaota meno ya mbele, na alipoyaota akawa anasema mpaka usingizini. Ndiyo maana jengo zima lilimwita Kasuku. Kasuku naye, kwa kulipiza, akamwita mama yake Mama Pazia, jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Akitoka shule husimama chini ya ngazi na kupaza sauti: "Mama Pazia! Fungua, njaa imenifunga mkanda!" Mama husimamisha cherehani, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Nyinyi wenzangu wenye watoto wa maneno mengi, msiwachoke. Sikilizeni kilichompata huyu.

Ghorofa ya juu, mwisho wa korido, alihamia mwanamke mwembamba, nadhifu, midomo imemkauka kama ganda la kitunguu. Alikuja kuagiza mapazia mazito ya kijani, yasiyopitisha mwanga hata kidogo. Mama akapima, akakata, akapiga pindo kwa mshono wa mara mbili, na kwenye kona akatia alama yake ya vishono vya uzi mwekundu, maana kila fundi ana sahihi yake. Alipokwenda kuyatundika alifuatana na Kasuku, na Kasuku, kama kawaida, hakunyamaza tangu mlangoni. Yule mwanamke akamtazama kama mwenye kiu anavyolitazama bomba.

"Huyu ana maneno mengi," akasema. "Kiingereza chake je?"

Hapo ndipo penye kidonda. Mama mwenyewe alikomea shule ya msingi, na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu, na zenyewe za asubuhi tu. Kasuku alikuwa anaukaribia mtihani wa kwenda sekondari, na Kiingereza kilikuwa kinamwangusha kila muhula.

"Basi mapazia yasiwe na malipo, nami nimfundishe mwanao," yule mwanamke akasema. " Aje na kikombe chake tu."

Mama alikubali kabla mwenzake hajafunga mdomo. Ujinga si kutokujua, jamani. Ujinga ni kuona aibu kuuliza. Hakuuliza kikombe ni cha nini.

Jioni ya kwanza Kasuku alirudi amechangamka, kikombe chake chekundu amekiacha huko huko.

"Mama Pazia, hatuandiki! Tunasukutua!"

"Mnasukutua nini, meno?"

"Ulimi! Unachukua maji mdomoni, unalisema neno la nyumbani ndani kwa ndani, mdomo umefungwa, halafu unatema kwenye chupa yako. Kila mtu ana chupa yake. Halafu unapewa maji mengine, mwalimu anakutajia neno jipya, unameza. Basi, limeingia! Anasema la kuandikwa hufutika, la kumezwa limemezwa."

Mwalimu alikuwa ameanza na maneno ya kunywa, kwa kuwa, alivyosema, koo ndilo mlango wa maneno yote. Kasuku akaonyesha moja moja kwa kikombe cha chai. "Sip," akasema, na midomo ikaigusa chai kidogo tu, kama nzi juu ya sukari. "Slurp," akaivuta kwa kelele, kama babu asiye na meno. "Gulp," funda moja kubwa, koo likaruka kama panya ndani ya gunia. "Guzzle," akanywa kwa pupa bila kupumua mpaka chai ikamtiririka kidevuni.

Jirani wa mlango wa pili, ambaye alikuwa hapitwi na jambo, alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"He! Kunywa tu kuna majina kama ukoo wa kifalme! Sisi huku tunakunywa, kiu inaisha, habari imekwisha."

"Nani kakwambia?" mama akamjibu, fahari imempanda. "Na sisi tunayo yetu. Kuonja, kufyonza, kupiga funda, kubugia, kugugumia. Hebu Kasuku, mwonyeshe jirani kugugumia."

Kasuku akatabasamu kama mtu anayesalimiwa na asiyemfahamu.

"Kugu... nini?"

Jirani akacheka mpaka akajishika ukuta. "Tayari! Mzungu kaingia nyumbani kwako, mwenzangu, na hata hodi hajapiga!"

Mama naye akacheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Mtoto huyu alikuwa akiambiwa "usigugumie maji, yatakupalia" tangu ananyonya.

Kuanzia hapo akawa anamchunguza. Akimwambia aonje chumvi, Kasuku anashika kijiko na kusubiri. Akimwambia apige funda la dawa ya kikohozi, anageuka kutazama nyuma, kana kwamba ameambiwa mwingine. Maswali ya Kiingereza shuleni alikuwa anayapata yote, na mwalimu wa darasa alituma pongezi. Lakini zile kelele za chini ya ngazi zilikuwa zinapungua, na mtoto alikuwa anakunywa maji kutwa, kikombe juu ya kikombe, na bado anajilamba midomo. Mama akajiambia ni joto. Mtu akitaka kudanganywa, hamkosi wa kumdanganya, hata kama ni yeye mwenyewe.

Siku moja Kasuku alirudi kimya, akakaa mezani, akapewa mkate na chai. Akauma. Akatafuna. Akatafuna tena. Mashavu yakajaa, macho yakamtoka, akabaki anamtazama mama yake.

"Meza, mwanangu."

Kasuku hakufanya kitu.

"Meza bwana, acha mchezo na chakula."

Mtoto akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa, bali kwa kutoelewa. Mwisho akautema mkate kwenye kiganja. Mama akamtia chai mdomoni. Ikakaa kidogo, ikarudi yote kupitia pembe za midomo na kulowesha gauni.

"Leo mmejifunza neno gani?" mama akauliza.

"Leo tumesukutua tu. Jipya atanipa nikirudi. Amesema neno hili ni kubwa, koo lipumzike kwanza."

"Mmesukutua neno gani, Kasuku?"

Mtoto alifungua mdomo, akalitafuta, kama mtu anayeshusha mguu kwenye kidato ambacho hakipo. "Silijui," akasema. Akajigusa koo. "Lilikuwa hapa."

Asubuhi walikuwa zahanati. Daktari akammulika kooni, akambonyeza shingo, akasema koo ni zima kabisa, huo ni ukaidi wa umri, akisikia njaa atakula. Lakini mama alikuwa ameona jambo ambalo daktari hakulitazama. Mtoto alikuwa hamezi hata mate. Alikuwa ameshika kipande cha kitambaa cha pazia chini ya kidevu, na kitambaa kilikuwa chapachapa.

Jirani alipopata habari alikuja mbio, safari hii bila utani. "Labda anataka aambiwe kwa Kiingereza. Nalijua mimi, nimelisoma kwenye maboksi ya vidonge. Ni 'swallow'."

Mama akalisema. Akalisema kwa upole, akalisema kwa ukali, akalisema amepiga magoti. Kasuku alimtazama vile vile. Lake alikuwa amelitoa, na hilo la pili alikuwa bado hajapewa. Alikuwa amesimama katikati ya mto, na hakuna ukingo hata mmoja uliomjua.

Midomo yake ilikuwa imeanza kukauka. Kama ganda la kitunguu.

Mama alimwacha mtoto na jirani, akapanda ngazi. Nje kulikuwa na jua kali, lakini alipofungua ule mlango alikuta giza la mapazia yake mwenyewe. Watoto walikuwa wamepangwa kwenye benchi, mikono mapajani, mashavu yamejaa maji. Hakuna aliyegeuka. Ukutani kulikuwa na rafu, na juu yake chupa, kila moja na kikombe cha mwenyewe mbele yake. Chupa yenye kikombe chekundu ilikuwa imebaki nusu, na mwalimu alikuwa anajimiminia kutoka humo kwenye bilauri.

Akanywa. Midomo ikapata unyevu, kwa mara ya kwanza. Halafu akamgeukia mama, akasema:

"Mama Pazia! Fungua, njaa imenifunga mkanda!"

Haikuwa kuiga. Kuiga watu wote tunakujua. Ilikuwa sauti ya Kasuku yenyewe, na kile kijikohozi anachomalizia nacho kila anapoita, na kicheko kilichofuata kilikuwa chake pia. Mama akashika kiunzi cha mlango.

"Mlete mtoto," mwalimu akasema, sasa kwa sauti ya mvulana fulani. "Nitampa neno. Atameza vizuri, kila nitakapomwambia."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Mwanangu amekukosea nini, dada?"

Mwalimu akanyoosha kidole mwisho wa rafu. Kulikuwa na chupa ndogo, ya zamani, imekauka mpaka kioo kimefanya ukungu, na mbele yake kikombe cha kitoto kilichofubaa kwa miaka. "Ile yangu," akasema, na kila sentensi ilitoka kwa sauti ya mtoto tofauti. "Nilisukutuliwa mdogo kuliko hawa. Aliyenifundisha aliimaliza yote. Wewe unaijua kiu ya mtu asiyebakiwa na neno hata moja la kwao?"

Mama alimwonea huruma. Nasema kweli, alimwonea. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huruma haikumshika miguu. Alizijua zile ndoano za pazia kwa kuwa alizifunga mwenyewe. Akavuta mara moja, pazia likaanguka lote, na jua likaingia kama maji ya bomba lililopasuka. Mwalimu akajifunika uso kwa mikono.

"Temeni!" mama akawapigia kelele watoto. "Kila mtu achukue chupa yake, aende kwa mama yake! Mbio!"

Sakafu ikalowa, benchi likapinduka, miguu midogo ikaporomoka ngazi. Mama akakumbatia chupa ya kikombe chekundu, akatoka. Nyuma yake hakusikia hatua. Alipogeuka mara moja tu, mwalimu alikuwa amesimama pale pale, mdomo unafunguka na kufungika katika lile jua, na hakuna kinachotoka.

Nyumbani akammiminia Kasuku. "Kunywa, mama." Mtoto akajaza mdomo, akahangaika, na maji yakarudi. Akajaribu tena, yakarudi. Jirani akawa anayakinga kwa bakuli, maana maji yakimwagika hayazoleki. Ili ameze, alihitaji lile neno, na lile neno lilikuwa ndani ya maji asiyoweza kuyameza.

"Tufanyeje sasa?" jirani akauliza, machozi yamemjaa.

Mama akakaa chini sakafuni. Akamtazama mtoto wake, urefu wake wote, na akamkumbuka akiwa hajafika urefu wa mkono. Aliwahi kupata homa, akawa anakataa dawa, analia tu. Nani alimwambia meza wakati ule? Hakuna. Alikuwa hajui neno lolote duniani.

"Nipe miguu yake," mama akasema.

Wakamlaza mapajani kama mtoto mchanga, miguu mirefu imening'inia. Mama akamtia maji kidogo kwenye shavu, upande, si katikati. Akamkaribia uso. Akampulizia puu, pumzi moja ya ghafla machoni, huku kidole gumba kinamshuka kooni polepole.

Kasuku akashtuka. Koo likaruka.

"Limepita!" jirani akapiga ukelele. "Limepita hilo!"

Tena. Shavuni, puu, kidole. Tena. Mpaka chupa ikaisha, na bakuli likaisha, na funda la mwisho likaingia vibaya, na mtoto akaketi ghafla akikohoa.

"Mama, yamenipalia!"

"Yamekupalia?" mama akasema, analia na kucheka. "Yamekupalia, mwanangu? Sema tena!"

"Si nyie mnanigugumiza!" Kasuku akafoka. Akauona mkate, akaurukia, akaubugia, na jirani akamwambia haya meza, na akameza.

Kesho yake chumba cha juu kilikuwa kitupu. Mapazia yote yalikuwa yamechukuliwa, hata lile lililoanguka.

Kasuku alirudiwa na karibu kila kitu. Lakini kile ambacho mwalimu alikuwa ameshakinywa hakikuwa ndani ya chupa. Akitoka shule sasa anapanda ngazi na kugonga mlango. Siku moja mama alimuuliza kwa mzaha, "Mimi ni mama nani?"

"Mama yangu. Kwani kuna mama nani mwingine?"

Mama akarudi kwenye cherehani yake.

Muda ukapita, wakawa wanapeleka mapazia ya mteja mtaa wa mbali, mchana, wameshikana mikono. Mama akainua macho, akaliona dirisha la ghorofa ya kwanza. Kijani, zito, pindo la mara mbili. Upepo uligeuza kona, na pale kwenye kona kulikuwa na vishono vya uzi mwekundu. Mlango wa jengo ulikuwa wazi, na watoto walikuwa wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja na kikombe mkononi.

Nyuma ya pazia, mtu akaita:

"Mama Pazia! Fungua, njaa imenifunga mkanda!"

Kasuku akainua kichwa. "Mama, yule mtoto anamwita nani?"

Mama alimeza mate. Aliushika mkono wa binti yake kwa nguvu, akavuka barabara, akamwinamia mtoto wa mwisho aliyekuwa anafika mlangoni na kikombe cha bati.

"Mwanangu, mama yako yuko wapi?"

Mtoto akamgeukia, mashavu tayari yamejaa maji ya kusukutulia.