Jiwe Lililoliliwa

Magari ya wazamiaji yalikuwa yameshaanza kupanda kilima, taa zao za nyuma zikififia kwenye mvua, na Ripeka hakugeuka kuyatazama. La polisi lilikuwa la mwisho. Kijana aliyeliendesha alishusha kioo, akasema pole, mama, akangoja kidogo, akapandisha kioo, akawafuata wenzake. Ufuo ukabaki na kokoto zake na ile bahari ya magharibi ambayo hakuna mtu wa pale aliyewahi kuiogelea kwa raha.

Mwanawe, Teoti, alikuwa amechukuliwa na maji pale pale, chini ya miamba, akitafuta pounamu, jiwe la kijani ambalo ukoo wao unalichonga tangu enzi za mababu. Jiwe hilo hujionyesha likilowa. Likikauka, linafanana na mawe mengine yote. Ndiyo maana mtafutaji hulifuata wimbi linaporudi, akatazama upesi, akakimbia kabla la pili halijafika. Teoti alilifuata moja mbali mno. Hakuna aliyemtuma. Angetumwa na mtu, Ripeka angepata wa kumlaumu.

Jioni ile ile aliyozama, kaka yake Ripeka, mzee Horomona, alisimama penye maji akasoma dua na kuweka rahui, katazo la mila. Ufuo umefungwa: hakuna kuvua, hakuna kuchuma kome, hakuna kugusa jiwe, mpaka maiti ipatikane au yeye aliyeufunga aufungue mwenyewe. Watu wakatii. Walioruhusiwa kushuka ni wanaomtafuta Teoti, na kwa kuwa wazamiaji walikuwa wamekata tamaa na kuondoka, mtafutaji alibaki mmoja.

Ripeka akawa anatembea, kuanzia miamba hadi mdomo wa mto, na kurudi. Alijua upepo wa kusini hukwangua kokoto wapi, na wa kaskazini huzirundika wapi. Alijua vitu vizito hutupwa upande gani. Yote aliyojifunza kwa kutafuta mawe, sasa aliyatumia kumtafuta mtoto. Na bahari, kama vile inamdhihaki, haikuwahi kutoa mawe mengi kama mwezi ule. Vipande vya kijani vilijilalia tu mbele ya miguu yake, vingine ukubwa wa ngumi, vingine ukubwa wa mkate. Aliviruka akaendelea.

Des, mzungu aliyekuwa na kibanda karibu na mto, alimletea chai kila siku. Alikuwa akisimama penye gogo la mpaka wa katazo, havuki hata hatua.

"Mama Teoti, njoo unywe! Visubi wenyewe wameshakula damu yako wakashiba, wewe bado tu."

"Chai yako hiyo, Des, ni maji uliyooshea nyavu."

"Basi onja uniambie ni wavu gani."

Ripeka alikunywa amesimama, macho baharini, akamrudishia kikombe.

Kisha ikaja dhoruba, na asubuhi ilipotulia aliona bega. Lilitokeza kwenye kokoto karibu na mdomo wa mto, jeusi, la mviringo, limelowa chepechepe, kama bega la mtu aliyelala kifudifudi na sweta la sufu mwilini. Akaenda mbio, akapiga magoti, akachimba kwa mikono.

"Tulia, baba. Mama yuko hapa. Nakutoa sasa hivi, tulia."

Kokoto ziliporomoka, akazitoa tena. Kucha zikakatika. Alipofika penye mgongo, kiganja kikateleza, kikahisi ubaridi anaoujua tangu utotoni, na hapo akajua. Lilikuwa pounamu, refu karibu na kimo cha mtu, zuri kuliko lolote lililowahi kuonekana na mtu aliye hai. Akalipiga ngumi. Akalipiga tena. Alipiga kelele hata Des akavuka gogo bila kufikiri, akaja akamshika mikono.

Usiku huo watu walikusanyika katika nyumba ya ukoo.

"Ametutumia," alisema Horomona.

"Nani katutumia nini?"

"Unajua ni nani, Ripeka: mwanao. Mwili haurudi. Limekuja hili badala yake. Alfajiri nafungua ufuo, tunalileta hapa, tunalilaza, tunalilia kama anavyoliliwa mtu. Kisha tunamzika."

"Nilizaa mtoto, kaka. Sikuzaa jiwe."

"Wazee wetu waliyapa mawe majina, wakayalilia."

"Na maiti zao wakazika pia. Semeni tu mna hamu ya kushuka ufuoni na ndoo zenu, muokote mawe."

"Atakayeshuka na ndoo," Horomona aliinua bakora, "hii itamvunja miguu. Nikimkosa, nitamrushia meno ya bandia." Mtu akacheka nyuma, akajikohoza.

Ripeka hakucheka. "Mkizika hilo jiwe, nani ataendelea kumtafuta mwanangu?"

Alfajiri ufuo ulifunguliwa kwa dua, na wanaume wakalibeba jiwe kwenye turubai, wakipokezana. Walililaza ukumbini juu ya mikeka, wakalifunika joho la manyoya, wakaweka picha ya Teoti juu yake. Wanawake wakakaa kulizunguka, kilio kikaanza. Ripeka alibaki ufuoni, akatembea.

Siku ya mwisho ya matanga alikuja Karena, mjane wa Teoti, amevaa mabuti ya mpira ya mumewe.

"Mama, twende."

"Nenda wewe. Wewe umeshapata mume wa jiwe."

Karena hakukasirika. Alikaa chini kwenye kokoto zenye maji. "Najua ni jiwe. Nimelala ubavuni pake, ni baridi mpaka mifupa inauma. Lakini wewe una ufuo mzima wa kulilia, mama. Mimi nina kitanda, na siwezi kukitazama. Nataka mahali pa kwenda kukaa. Na hawaziki bila wewe."

"Nikija huko, Karena, nitakuwa nimesema amekufa."

"Ndiyo, mama."

Wimbi likaja, likarudi. Ripeka alilitazama mpaka likaisha. Kisha akanyoosha mkono, na mkwewe akamwinua.

Walipoingia ukumbini kilio kilipanda. Walikuwa wamemwachia nafasi ya mama, upande wa kichwani, ingawa jiwe halina kichwa. Akakaa. Akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiacha hapo muda mrefu.

"Haya," akasema mwishowe. "Zikeni."

Walizika mchana huo, mvua ikinyesha. Horomona alifariki kwa ugonjwa wa mapafu baada ya miaka michache, naye yuko makaburini hapo hapo. Karena aliolewa mjini Christchurch, akazaa wasichana wawili. Huja kila Krismasi, hukaa kaburini kidogo. Des aliuza kibanda akahamia mji wa Nelson kwa binti yake. Ufuo uko wazi, na watu wanaokota mawe baada ya kila dhoruba. Ripeka aliishi mpaka uzee mkubwa, akivua dagaa wa mto msimu ukifika, na hakushuka tena baharini. Teoti hakupatikana.