Wali wa Mheshimiwa

Ildefonce alikuwa mwalimu wa sekondari huko Lupiro kabla hajawa mbunge. Vipindi viwili vya kwanza watu walimpenda, maana kila aliposimama bungeni Dodoma alilitetea bonde na mpunga wake. Kipindi cha tatu akaanza kuutamani uwaziri. Siku moja akasema bungeni kuwa wananchi wake wameridhia mashamba ya kando ya mto yaingizwe kwenye hifadhi. Hakuna aliyekuwa ameulizwa. Wengine walimsikia redioni huku wanapalilia mashamba hayohayo. Msimu uliofuata vigingi vikasimikwa, na aliyevivuka kwenda kuvuna akakamatwa. Uwaziri wenyewe hakuupata.

Mama yake, Bi Mariana, alibaki kijijini, akiona haya hata kwenda kanisani. Alipofariki, Ildefonce alikuja na msafara wa magari, ng'ombe na magunia ya mchele.

Mama alizikwa vizuri. Vijana walichimba kaburi bila kuombwa, wanawake walilia kilio cha kweli. Lakini wali ulipopakuliwa, watu walijipangusa vumbi wakaanza kuondoka. Masufuria yalibaki yamejaa.

Ildefonce akamfuata Valeriani, mzee aliyempigia kampeni tangu mwanzo.

"Shikamoo, mzee. Mbona watu hawali?"

"Marahaba. Tumeshamzika mama yako. Ndicho kilichotuleta."

"Yale ya hifadhi yalikuwa ya serikali, mzee. Mimi ningefanya nini?"

"Ungenyamaza. Mke wangu alikamatwa akivuna mpunga alioupanda mwenyewe. Alipolalamika, askari akamwambia, mbunge wenu kasema mmekubali."

Ildefonce aliinamisha kichwa. "Basi kuleni kwa heshima ya marehemu."

"Marehemu ndiye aliyetukataza. Alituita akiwa kitandani, akasema, nizikeni, ila cha mwanangu msile."

Ildefonce akamgeukia dada yake, Levina, aliyekuwa mkekani na wafiwa.

"Ni kweli," Levina alisema. "Nilikuwepo. Na mimi sili."

Ildefonce akaondoka kabla ya kuanua tanga. Kura za maoni zilipofika alichukua fomu, akaangushwa vibaya, na kijijini kwao ndiko alikoangushwa zaidi.

Sasa anaishi Ifakara mjini. Akipita sokoni, watu wa kwao humwamkia, kwa kuwa ndiyo adabu waliyofundishwa, kisha huendelea na biashara zao. Levina huja mjini kuuza ndizi. Nyumbani kwa kaka yake hajawahi kufika.