Saa Ishirini na Nne za Nyigu

Mimi nashona viti vya pikipiki. Watu hawaitegemei kazi hii kwa bibi kizee, lakini cherehani haiulizi umri, na makalio ya binadamu hayajaacha kuchoka. Pale gereji wananiita Bibi Sponji. Mjukuu wangu wanamwita Nyigu, kwa ajili ya kiuno chake na kwa jinsi pikipiki yake inavyovuma ikipita. Mimi namwita mke mwenza, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike. Babu yake alishafariki, kwa hiyo hatuna mume wa kugombania. Tunagombania blanketi.

Basi siku moja mke mwenza akaja na karatasi, akaiweka juu ya cherehani, juu kabisa ya kazi ya mtu.

"Bibi, soma."

Nilisoma mpaka darasa la saba, na nasoma vizuri nikipewa muda. Karatasi ilisema kuna safari ya pikipiki ya kilomita elfu moja na mia sita, ndani ya saa ishirini na nne. Si mashindano ya nani wa kwanza. Ni wewe, barabara na saa. Ukimaliza unaandikwa katika kitabu chao. Usipomaliza unarudi kwenu. Chini kulikuwa na mstari mtupu: Shahidi wa kuondoka. Huyo anaandika saa na kutia sahihi kwamba msafiri ameondoka mbele ya macho yake akiwa mzima, ana akili timamu, na amepumzika.

"Shahidi ni wewe," akasema.

"Na nani aliyekudanganya kwamba una akili timamu?"

Akacheka. Nami nikacheka, lakini karatasi nikaisukuma pembeni.

Wewe unayesoma, nikutegee moja: kuna mwizi huiba mtu mzima mzima, akamwacha palepale alipokaa. Ukikosa nipe mji, nami nitakwambia. Ni usingizi. Huyo ndiye niliyemwogopa. Tairi likipasuka linapiga kelele. Breki ikilegea mkono unahisi. Usingizi haubishi hodi. Na mjukuu wangu tangu utotoni alikuwa mtu wa kulala na tonge mdomoni. Mwalimu wake wa darasa la pili aliwahi kuniita shule, nikamkuta mtoto amesimama mstarini na wenzake, macho wazi, amelala fofofo.

Lakini ukimkataza nyigu unamchokoza. Tukaanza maandalizi.

Injini ilikuwa ya Fundi Polepole. Wamempa jina hilo kwa sababu chombo chako akikwambia kitakuwa tayari Jumatatu, inabidi umuulize Jumatatu ipi. Ila mkono wake hauna kosa. Alibadilisha cheni, akabadilisha plagi, akakaa na magurudumu mchana kutwa akigonga spoki moja moja kwa spana na kusikiliza mlio wake, kama daktari na kifua cha mtoto. Iliyolia vibaya aliikaza. Kiti kilikuwa changu. Nikakivua ngozi, nikatupa sponji ya zamani iliyokwisha kuwa kama mkate uliokaliwa. Nikaweka sponji ngumu chini na laini juu, nikachonga mfereji katikati ili damu ipite. Mshono niliusogeza mbali na mapaja, maana mshono usioonekana saa ya kwanza, saa ya kumi ni kisu.

Na kwa ajili ya yule mwizi nilikuwa na silaha yangu. Vitendawili.

Shauri lilikuwa hivi. Ndani ya kofia yake ya pikipiki Polepole aliweka kispika kidogo kilichounganishwa na simu. Kila baada ya muda nitampigia na kumtegea. Akijibu, yuko macho. Mtu aliyelala hajibu kitendawili; hilo niliona liko wazi kama jua la saa sita.

Jumapili tukajaribu, kilomita mia nne, mchana mtupu. Nilikaa kwenye cherehani, simu nimeichomeka kwenye boksi la nyuzi.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Bibi, hivyo unavyotega ni vya chekechea."

"Wewe jibu tu. Kitendawili."

"Tega."

Saa tano nzima, na hakukosa hata kimoja. Tena mwishoni alikuwa anajibu haraka kuliko mwanzoni. Aliporudi, uso umejaa vumbi na macho mekundu, nilimchezea ngoma ya mguu mmoja pale uani. Nikamwambia Polepole, "Umeona? Mwizi hana pa kuingilia."

Jumamosi iliyofuata tukajaribu kiti. Mke mwenza alikuwa hajalala tangu alfajiri ya jana yake, kwa makusudi, ili mwili uzoee. Pikipiki tukaisimamisha uani kwa stendi kubwa, akapanda na mavazi yote, kofia kichwani, glavu mikononi, akae hapo saa sita bila kushuka. Mimi nikaleta kigoda, nikawa namalizia kiti cha mteja na kumtegea.

Ilipofika kama saa nne asubuhi nikamwambia, "Nipe huo mkasi hapo kwenye tangi."

Hakunipa. Nikadhani kofia imemziba masikio.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Popoo mbili zavuka mto."

"Macho."

"Haya, sasa nipe mkasi."

Mkono haukusogea. Nikainuka. Kioo cha kofia kilikuwa wazi na macho yake yalikuwa wazi, yanatazama ukuta. Nikapitisha kiganja mbele yake. Hayakupepesa.

"Mke mwenza, nyumba inaungua."

Hakutikisika. Nikasema polepole, kama mtu anayegusa chungu cha moto, "Kitendawili."

"Tega," akasema. Sauti yake ileile, ya kawaida kabisa.

"Jina lako nani?"

"Nanasi," akasema.

Nilimkamata mabega nikamtikisa mpaka pikipiki ikayumba. Akashtuka, akashika breki, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetokea ghafla barabarani.

"Nini, Bibi?"

"Ulikuwa umelala."

"Sijalala. Nilikuwa najibu."

Nikakaa chini, udongoni, maana kigoda nilikiona mbali. Nikamuuliza, "Jumapili ile. Darajani ulipita saa ngapi?"

"Daraja lipi?"

"La chuma. Katika barabara ile liko moja tu."

Akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. Alivua zote mbili akaziweka juu ya tangi kabla hajasema. "Lazima nilipita, Bibi. Maana nilifika."

Hapo ndipo nilipolijua kosa langu. Mama yake aliniachia mtoto akiwa na miaka minne, na mfuko mmoja wa nguo, na kilio kisichonyamaza. Wimbo sina, sauti yangu ni kama bawaba kavu. Nikambembeleza kwa vitendawili. Kila siku vilevile, kwa mpangilio uleule, tunaanza na yai, tunakwenda macho, nanasi, mpaka kivuli. Kwenye kivuli hajawahi kufika. Alikuwa anajibu anajibu, na katikati ya jibu amekwenda. Nilimlaza hivyo miaka saba. Na Jumapili ile, kwa saa tano, mtoto yuko juu ya magurudumu mawili, kasi tisini, mimi nilikuwa namnong'oneza sikioni kwa mpangilio uleule. Yeye nilidhani namwamsha. Kumbe nambembeleza.

Chakula cha siku hiyo sikukigusa. Kila nikifumba macho naliona lile daraja, na vyuma vyake, na maji chini.

Nilimweleza Polepole. Akaweka spana chini, na si mtu wa kuweka spana chini.

"Bibi Sponji, miaka yote hii sijakuona ukishona ovyo."

"Hiki sikushona ovyo, mwanangu. Nilikuwa nafumua."

Jioni nikamwambia mke mwenza, "Sahihi yangu usiitegemee."

Hakupandisha sauti. Alikuwa anapaka cheni mafuta, akaendelea kupaka. "Basi Polepole atanishuhudia."

"Mimi simo," akasema Polepole kutoka chini ya gari la mtu. "Mke mwenza na mke mwenza, mgeni wa nini?"

Alipaka mpaka mwisho wa cheni, akafuta mikono. "Hata hivyo simtaki mwingine," akaniambia. "Wengine wataandika nimepumzika kwa sababu nimewaambia. Wewe ndiye unayejua ninavyolala."

"Ndiyo maana nakataa."

"Ndiyo maana nakutaka."

Neno hilo lilinikaa kama mwiba wa samaki, halipandi, halishuki. Baada ya siku mbili nikampa masharti. Vitendawili hakuna tena. Nikipiga, nitauliza jambo moja tu: umepita nini? Aniambie vitu vitatu alivyovipita tangu nilipopiga mwisho. Akishindwa, anasimama, analala, hata kama mwisho wa safari unaonekana kwa macho. Akaapa. Lakini kiapo cha kijana ni uzi wa pamba kwenye kiti cha pikipiki, unashika mpaka mvua ya kwanza. Nikamwambia sitii sahihi mpaka nimsikie kwa masikio yangu anasimama.

Jumatano akaondoka asubuhi, jaribio la pili la barabarani, kilomita mia sita, baada ya zamu ndefu kazini na usingizi wa kuku.

"Umepita nini?"

"Lori la matofali. Mama na watoto wawili wa sare. Bango limeanguka."

"Haya."

Saa iliyofuata: "Umepita nini?"

"Mzee anasukuma baiskeli. Mbuzi. Basi limeharibika, abiria wako kivulini wananuna."

Nilisema haya, lakini moyo haukusema haya. Ningejuaje kama ni kweli? Mbuzi wako kila barabara. Mtu anaweza kuwapita mbuzi akiwa amekaa chumbani kwake. Hofu yangu ilihamia hapo: labda ananitengea maneno kama anavyomtengea mgeni kiti, ili nitulie. Nilishona mshono mmoja nikaufumua, nikaushona tena, nikajichoma mkono.

Saa tisa na nusu nikapiga.

"Umepita nini?"

Upepo tu.

"Mke mwenza. Umepita nini?"

"Nimepita... mti."

"Mti gani?"

Upepo tena. Kisha akasema, taratibu, "Bibi, nitegee kimoja."

"Sikutegei."

"Kimoja tu. Kile cha yai."

Nilijua nani anaomba. Yule mwizi alikuwa ameshapanda nyuma yake, kwenye kiti nilichokishona mimi mwenyewe, anaomba afunguliwe mlango. Nikang'ata ulimi ili usiseme neno lile, maana ulimi nao una mazoea yake.

"Umepita nini?"

Injini ikaendelea kuvuma, haipungui. Polepole alikuwa ametoka chini ya gari, amesimama mlangoni.

"Sijui," akasema. Ilikuwa sauti ya miaka minne. "Sijui, Bibi. Sijui hata kituo cha mafuta nimetoka lini."

"Simama."

"Zimebaki kilomita arobaini na..."

"Sijakuuliza zimebaki ngapi."

Nilisikiliza. Nilisikia gia ikishuka, ikashuka tena. Nikasikia matairi yakiingia kwenye kokoto, kisha injini ikazimwa, na nikasikia pumzi yake, na jogoo wa watu. Akasema kuna baba anafyatua matofali, amemruhusu alale juu ya magunia. Sikukata simu. Alilala saa nzima na robo na simu kifuani, nami nikaisikiliza pumzi hiyo. Mteja alikuja kuchukua kiti chake, nikamwekea kidole mdomoni. Naye akakaa, akasikiliza bila kujua anasikiliza nini.

Aliporudi alikuwa amechelewa, na jaribio ameshindwa. Akaegesha, hakunitazama.

"Basi najua," akasema. "Hutatia sahihi."

"Kalamu iko wapi?" nikamuuliza.

Polepole akatutazama kwa zamu. "Kashindwa, Bibi Sponji."

"Amesema hajui. Sasa naamini na wale mbuzi."

Siku yenyewe ilifika. Alikuwa amelala kwa saa tisa nzima. Nazitaja kwa sababu nilikaa kwenye kiti mlangoni kwake nikazihesabu zote. Alfajiri ikapambazuka, tukasimama barabarani mbele ya gereji, nikaiweka karatasi juu ya kiti cha pikipiki. Nikasoma kila neno na kulipa muda wake. Mzima. Nikamtazama. Akili timamu. Nikamtazama tena. Amepumzika. Nikaandika saa kumi na mbili kamili, nikatia sahihi. Sahihi yangu ni jina langu lote, kama tulivyofundishwa shule, na safari hii lilipinda kama njia ya siafu.

"Unaogopa, Bibi?"

"Naogopa."

"Mimi pia."

"Vizuri. Usiache."

Akashusha kioo cha kofia. Pikipiki ikavuma, ikapita kwenye kona ya duka la vioo, ikawa mlio, kisha ukawa mlio ambao sikuwa na hakika kama bado nausikia. Polepole aliniletea kigoda nje. Nilikaa na simu mapajani, nikatazama saa ya ukutani kupitia mlangoni. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Zilibaki saa ishirini na tatu na dakika arobaini na tano.