Mwaliko wa Kaka

Kaka yangu, bwana mhasibu, maisha yake yote ameyaweka kwa kampuni moja ya mtandaoni: barua pepe, picha, ramani, kalenda. Hata hospitalini, mtaa wa pili kutoka ofisini kwake, anakwenda kwa ramani. Ukimuuliza atakuja lini kumwona Mama, hajibu. Anakutumia mwaliko wa kalenda, ubonyeze ndiyo au hapana. Mimi ni fundi cherehani, nikimtaka mtu namwita kwa mdomo.

Alhamisi hiyo Mama alikuwa amelazwa, apasuliwe moyo kesho yake, na alikuwa hataki kusaini karatasi ya kukubali. Daktari alishasema bila upasuaji hatufiki naye mbali. Nilimbembeleza mpaka mate yakanikauka, na siku hiyo, alhamdulillahi, alianza kulainika.

Nilikuwa naweka mto wake sawa simu yake ikalia. Tulimnunulia aangalie video za kufuma, tukamfungulia akaunti ya kampuni hiyo hiyo. Akavaa miwani, akasoma, akaninyooshea simu.

"Hebu nisomee, mwanangu. Au ni macho yangu?"

Nikasoma.

"Mazishi ya Mama. Jumamosi asubuhi." Ramani ya makaburini ipo, na pa kuegesha magari. Chini kaandika: "Tarehe bado haijathibitishwa. Jumapili nasafiri."

Nikatoka hadi kwenye korido kumpigia Kaka.

"Kaka, huna haya? Mama yuko hai!"

"Aa, nilikuwa najipanga tu. Nilibonyeza kundi la familia, nikasahau Mama naye yumo. Ifute."

"Niifute kichwani mwake?"

"Usikuze mambo, bwana. Mbona wenzako wameshajibu?"

Nikaangalia mwaliko kwenye simu yangu. Lo! Shangazi, ndiyo. Binamu zetu, ndiyo. Shemeji, mke wake, ndiyo, tena na kidole gumba juu. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Wallahi! Watu gani hawa?

Nikarudi ndani nikijua hatasaini tena. Nilimkuta amekaa wima, simu mkononi, anabonyeza kwa kidole kimoja polepole.

"Mama, achana nayo."

"Nimeshamjibu kaka yako," akasema, akivua miwani. "Nimemwambia sitahudhuria. Mwite nesi alete hiyo karatasi nisaini."